Jengo Linalofikika, na Watu Waliopo

Jumamosi, jioni. Mvua ilianza asubuhi, ikakatika, ikarudi mchana, sasa imeacha tope na harufu ya ziwa mpaka chumbani. Mama anakaanga dagaa nje. Nimeoga, sina homa, sina huzuni ya kueleweka. Nimekaa tu na simu, najiuliza kama yaliyotokea leo yalitokea kweli.

Wasomaji wa blogu hii mnatosha kwenye benchi moja, na baadhi yenu mnasoma kwa sababu ni binamu zangu. Kwa hiyo naandika bila woga mkubwa. Kwa aliyefika leo mara ya kwanza: naitwa Kabula, nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu hapa Mwanza, na natembelea kiti cha magurudumu tangu utotoni. Si mwongeaji. Darasani najibu nikiitwa jina, tena kwa sauti ambayo mwalimu lazima aombe irudiwe.

Ila kuandika naandika. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari ni Kiingereza, na mtaa mzima unajua hivyo kwa sababu mama amehakikisha unajua. Ndiyo maana chama cha watu wenye ulemavu cha kata yetu kilinipa kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Halmashauri inaandika sheria ndogo za majengo ya umma: shule, zahanati, masoko, ofisi. Sheria ya nchi ipo, lakini wanasema sheria ndogo ndiyo anayotembea nayo mkaguzi wa majengo. Rasimu imekuja kwa Kiingereza, na chama kimeombwa kupendekeza kwa Kiswahili ile sehemu ya mwanzo, ya maana ya maneno. Leo tukubaliane, Jumatatu ipelekwe.

Sikujua kwamba sheria nzima inaweza kukaa juu ya ukurasa wake wa kwanza. Huko ndani wameandika kwa ufupi tu, kila jengo jipya la umma litakuwa linafikika. Kufikika ndiyo nini? Rudi ukurasa wa kwanza. Ukikosea pale, huko mbele kote kunaharibika na hakuna atakayesikia kelele.

Na mimi nina sababu yangu ya kujali. Shule yetu inataka kujenga jengo jipya la maabara, la ghorofa, na ramani yake ina ngazi tu. Mkuu wa shule alishasema mbele ya wazazi kwamba njia ya mteremko, ile mafundi wanayoiita rampu, ataiweka kama sheria itamlazimu. Kama haitamlazimu, fedha hiyo ataiweka kwenye madawati. Hakusema kwa ubaya. Madawati kweli ni machache.

Kwa hiyo wiki nzima nimekuwa naandika maana. Nyingine zilikuwa rahisi. "Usanifu kwa wote" nilieleza kwa bomba la maji la uani: likiwekwa kwa urefu ambao mtoto, bibi kizee na mimi sote tunafungua bila kuitana, huo ndio usanifu kwa wote. Neno jingine, "reasonable accommodation", lilinisumbua. Ni lile la mabadiliko ambayo ofisi au shule inapaswa kumfanyia mtu mmoja ili naye aweze kufanya kazi au kusoma. Programu ya kutafsiri ya kwenye simu ilinipa "malazi ya wastani", kana kwamba mlemavu akifika ofisini anatafuta gesti ya bei nafuu. Nikaandika "marekebisho yanayofaa". Nikacheka peke yangu, mama akauliza kuna nini, nikasema hakuna kitu.

Neno "linalofikika" nililiacha la mwisho.

Nakiri jambo moja hapa. Kwa Kiingereza niliandika maana yake kwa dakika chache, safi, kama ya kitabuni. Sikuona haya yoyote, kwa sababu Kiingereza changu hakijawahi kubebwa na mtu. Nilipogeukia Kiswahili, mkono ukasimama. Kwa Kiswahili nikisema kufika, naona ngazi za shule yetu, na namwona Masanja.

Masanja ni wa darasa letu. Ni mrefu, mchangamfu, nyumbani kwao Magu wanalima pamba. Tulipoingia kidato cha tatu, masomo yote ya sayansi yakawa ghorofani, na ni yeye aliyesimama siku ya kwanza akasema, "Sisi Wasukuma hatumwachi mtu chini." Akapanga zamu ya wavulana. Kila asubuhi wawili wananisubiri chini ya ngazi. Mmoja ananibeba mgongoni, mwingine anapandisha kiti. Mchana wananishusha. Hawajawahi kukosa. Walimu wanawasifu paredi, wageni wakija wanaonyeshwa. Muhula ukiisha mama anawapelekea sato wakubwa wa kukaanga na kuwaombea dua mpaka sato wanapoa.

Najua sabuni ya kila mmoja. Sijawahi kumwambia mtu kwamba najua.

Na hili pia sijamwambia mtu. Siku za shule sinywi maji. Sinywi chai asubuhi, sinywi maji mapumziko, mpaka nikishashushwa mchana. Vyoo viko chini. Nikitaka kwenda, lazima ninyooshe mkono, niseme nataka nini, darasa lisimame, vijana wawili wainuke, waniteremshe, wanisubiri, wanipandishe. Wangefanya bila kulalamika hata kidogo. Ndiyo tatizo. Wangekuwa wanalalamika, ningekuwa na la kusema.

Basi. Usiku wa kuamkia leo nikaandika: "jengo ambalo mtu mwenye ulemavu anaweza kuingia na kufika kila sehemu yeye mwenyewe." Nikaweka nukta.

Tulikutana dukani kwa Bi Zarina. Anauza vifaa vya ujenzi. Familia yao ilikuwa na duka mjini hapa kabla babu yangu hajaujua mji huu. Polio ilimpitia utotoni, anatembea kwa gongo, na ni mwekahazina wa chama. Nyuma ya duka ana ua ulioezekwa bati, sakafu yake ni sawa kama meza, ndiyo maana tunakutana pale.

Mwenyekiti ni mwalimu Bwire, Mjita, mstaafu, haoni. Katibu ni dada Rehema, ambaye hasikii, ana mkalimani wake wa lugha ya alama. Kwa sababu yao, chama kina namna yake ya kupiga kura. Mikono ikinyooshwa mwalimu haioni. Mtu akisema "ndiyo", dada Rehema hasikii. Kwa hiyo tunagonga meza. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mwalimu anasikia, dada Rehema anaweka kiganja mezani na kuhesabu mtetemo. Nilipoiona mara ya kwanza niliipenda sana. Hata mimi naweza kugonga meza.

Masanja alikuwepo, amealikwa kama mfano mwema. Alikuja na salamu za mkuu wa shule.

Nilisoma maana zangu kwa sauti ndogo, mkalimani akawa ananiegemea ili asikie. Zikapita moja moja, meza ikigongwa. Nilipofika "linalofikika", mwalimu Bwire akakunja uso.

"Yeye mwenyewe," akasema. "Hapo umetubania, binti. Utu je? Tuongeze: yeye mwenyewe, au kwa kusaidiwa na watu waliopo. Wewe mwenyewe si shahidi? Huyu kijana si yuko hapa?"

"Nipo, mwalimu," Masanja akasema. "Kabula hajawahi kukosa kipindi."

"Nyie Wasukuma mnabeba hata ng'ombe."

"Ng'ombe anatembea mwenyewe, mwalimu. Wajita ndio mnambeba, mkishamchoma."

Watu wakacheka sana. Utani wao huo hauna mwisho. Nami nilicheka, nikiwa nawaza kwamba katika mfano huo ng'ombe ni mimi.

Mwalimu Bwire ana tabia ya kutaka kila kitu kijaribiwe kwa vitendo. Alifundisha sayansikimu na hajawahi kuacha kufundisha. Akasema tujaribu hiyo maana hapa hapa. Ofisi ya Bi Zarina iko juu, ngazi ni ya chuma, nyembamba. "Kabula afikishwe juu. Akifika, jengo linafikika. Kuna ubishi?"

Hakuna aliyebisha. Mimi nilitikisa kichwa, lakini mwenyekiti ndiye ambaye haoni.

Masanja akainama mbele yangu kama kila siku. Nikamshika shingo. Ngazi zikalia, watu wakapiga makofi, na kiti changu kikabaki chini kwa sababu hakikuweza kupita. Begi lenye simu lilikuwa limening'inia kwenye kiti. Masanja akaniweka kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha la nondo, akasogeza mdomo kwenye nondo akapiga kelele, "Amefika!" Makofi tena.

Kisha mvua ikarudi.

Mifuko ya saruji ilikuwa nje. Nikasikia Bi Zarina akimwita Masanja, mwanangu njoo utuokoe, naye akashuka mbio. Nikasikia mifuko ikiburutwa. Mvua juu ya bati ikawa kubwa kiasi cha kufunika kila kitu. Ilipopungua nikasikia vikombe, na harufu ya sambusa ikapanda.

Nilikaa. Niliangalia ofisi. Kuna sampuli za vigae, makufuli ya kila saizi kwenye ubao kando yangu, kalenda ya miaka iliyopita. Kupitia dirishani niliona paa za bati na kipande cha ziwa cha rangi ya kijivu, na kivuko kikielekea ng'ambo, upande wa Sengerema. Sikukasirika. Nilijua kabisa watanikumbuka. Watu wale hawana ubaya, na hata sasa ninapoandika siwezi kumwonyesha kidole mmoja wao. Nilikuwa nimefika, na ndiyo hivyo.

Halafu nikasikia mwalimu Bwire akisoma kwa kichwa, kwa sauti yake ya ubaoni: "Jengo ambalo mtu mwenye ulemavu anaweza kuingia na kufika kila sehemu, yeye mwenyewe au kwa kusaidiwa na watu waliopo. Tumejaribu, tumeona. Tugonge."

Meza ikagongwa. Ko. Ko. Ko. Mtetemo ulipanda kwenye ngazi ya chuma mpaka kwenye mguu wa kiti changu cha plastiki. Wote mara moja moja. Hakuna aliyegonga mara mbili.

Niliona jengo letu jipya la maabara likisimama pale pale, lote, lenye ngazi. Niliwaona wavulana wengine, miaka ijayo, wakimsubiri chini msichana mwingine asiyekunywa maji.

Nikachukua kufuli kubwa kwenye ubao, nikagonga nondo za dirisha. Mara mbili.

Nikagonga tena mara mbili, kwa nguvu.

"Nani kagonga hapana?" akauliza mwalimu Bwire.

Mtoto hawezi tu kumkatiza mzee kutoka ghorofani. Nilitafuta neno la kuanzia na nililopata ni moja.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Mbona salamu inatoka mbinguni? Ni malaika?"

"Ni Kabula, mwalimu. Bado niko huku."

Kisha nikasikia kikombe kikiwekwa na miguu ya Masanja ikija mbio, "Samahani, samahani, Kabula, nakuja!"

"Usije kwanza," nikasema.

Ni mimi niliyesema hivyo. Nilisikia sauti yangu ikitoka dirishani kama ya mtu mwingine, dada mkubwa fulani asiyeona haya. Sikuona uso wa mtu, nao hawakuona wangu. Nadhani ndicho kilichonisaidia.

"Mwalimu, hiyo maana inasema watu waliopo. Watu waliopo walikuwa wanakunywa chai."

Mtu mmoja akacheka, akaacha. Mwalimu Bwire hakucheka.

"Ni kusahau tu, binti. Mvua hii. Sasa kwa kusahau kwa leo tuifute huruma kwenye sheria? Wataalamu wa halmashauri watasema chama chetu hakitaki kusaidiwa."

"Nataka kusaidiwa," nikasema. "Sitaki jengo lihesabiwe limekamilika kwa sababu Masanja ana mgongo. Na kufika nimefika, mwalimu. Kushuka siwezi. Kwenda chooni siwezi. Siku za shule sinywi maji kwa sababu hiyo."

Hiyo sentensi ya mwisho sikuipanga. Ilitoka ikifuata wenzake.

Masanja alikuwa amesimama katikati ya ngazi. Nilimwona kupitia mlangoni, mkono kwenye chuma, tope la saruji mpaka kwenye viwiko. Hakunitazama.

Aliyeongea baadaye ni Bi Zarina. "Kabula, mwanangu. Huko ofisini kukoje?"

"Kukoje vipi, Bi Zarina?"

"Tangu goti hili linikatae sijapanda. Faili nikizitaka namtuma mtu. Nasema kila siku, watu wapo. Vumbi limejaa?"

"Limejaa. Na kalenda ni ya zamani."

"Ofisi yangu mwenyewe," akasema, kama anaongea na kikombe chake. Kisha nikasikia meza ikigongwa mara mbili. Kisha tena mara mbili, kwa uzito ambao nilijua ni wa kiganja cha dada Rehema, maana mkalimani alikuwa amemfikishia mwisho wa habari.

Mwalimu Bwire akauliza, kwa sauti ya mwalimu anayemwita mwanafunzi ubaoni, kama nina maana nyingine. Nikaisema kutoka dirishani, polepole, ili katibu aandike: jengo ambalo mtu mwenye ulemavu anaweza kuingia, kufika kila sehemu, kulitumia na kutoka, kwa wakati anaoutaka yeye, bila kubebwa.

Akauliza msaada tuuweke wapi, kwa sababu hauwezi kuachwa nje kama mbwa. Tukaubadilishia nafasi: mtu anaweza kusaidiwa akitaka, lakini msaada wa watu hauhesabiwi kuwa sehemu ya jengo. Yeye ndiye aliyetunga hayo maneno ya mwisho, na ni mazuri kuliko yangu.

Meza ikagongwa. Mara moja moja. Nilisubiri nione kama kuna mtu atagonga mara mbili, hakuna. Na mimi nikagonga nondo, mara moja.

Ndipo Masanja akapanda. Akainama mbele yangu bila utani, bila ile "moja, mbili, juu" yake. Nikamshika shingo. Alinuka saruji leo. Aliponiweka kwenye kiti changu akanipa begi, akasema tu, "Ungesema," kisha akaenda kunawa mikono.

Ungesema. Nimelibeba neno hilo mpaka nyumbani. Ni kweli ningesema. Ila sijui ningesemea wapi. Mgongoni kwake? Paredi, anaposifiwa?

Mama nimemweleza jioni hii, yote, hadi la maji. Aliacha kukaanga, mwiko mkononi. Aliniuliza kama sasa hataruhusiwa kuwapelekea wale vijana sato. Nikamwambia awapelekee. Akarudi kwenye jiko lake. Baadaye kidogo aliniletea kikombe cha maji akakiweka karibu yangu, akaondoka.

Sheria haijapita. Ni mapendekezo tu, yatapelekwa, wakubwa watayasoma au hawatayasoma. Jengo jipya halijachimbwa hata msingi. Jumatatu masomo ya sayansi yatakuwa ghorofani vile vile, na ngazi ni zile zile.

Masanja ametuma ujumbe sasa hivi, nikiwa naandika aya iliyopita. "Kwa hiyo Jumatatu tusije?"

Niliandika majibu marefu kwa Kiingereza, nikayafuta, maana ningekuwa najificha. Kisha nikamjibu kwa Kiswahili: "Njooni. Asubuhi nitakunywa chai, kwa hiyo kabla ya mapumziko nitanyoosha mkono. Usikae mbali na mlango."

Amejibu "sawa". Herufi ndogo, bila kikaragosi. Sijui ni sawa ya namna gani.

Maji aliyoleta mama nimeyamaliza. Jumatatu nitanyoosha mkono. Nimeandika hapa ili mjue, hata kama ni binamu zangu tu, na nikishindwa mniulize.